Naomba ushauri: ni njia ipi iliyo salama ya kumbeba mtoto wa miezi 20 kwa kinga (baiskeli) hapa Lubumbashi?

Mama wa Katuba

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaishi Katuba na ninafundisha shule ya msingi huko Kamalondo, na kila asubuhi inanibidi nimwache binti yangu kwa bibi yake katika komini (sehemu ya mji) ya Kenya kabla kengele haijalia. Binti ana miezi 20, na alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo 10 na nusu. Nauli ya pikipiki imenizidi, na hata kama isingenizidi, sipendi kumpakia mtoto kwa dereva nisiyemjua. Mume wangu ameniachia kinga yake, ile kubwa nyeusi yenye breki za fimbo na portibagaji (kibebea mizigo) ya chuma nyuma.

Kila mtu ananipa shauri lake. Dada yangu anasema nimfunge mtoto mgongoni kwa kikwembe (kitenge) kama tunavyofanya tukienda kwa miguu. Jirani anaona yatosha kufunga mto juu ya portibagaji kwa mipira ya tairi, kisha mtoto anishike kiunoni. Mume wangu amekiona sokoni kiti cha plastiki cha okazi (kilichokwisha kutumika) kilichotoka Ulaya. Na kuna fundi aliye tayari kuniundia kigari cha magurudumu mawili kitakachovutwa nyuma ya kinga. Ninaomba wenye ujuzi wanipe na sababu pamoja na jibu, maana nitalazimika kuwaeleza watu wa nyumbani. Binti yangu ana mdogo wake wa miezi 6, na siku moja moja ningependa kuwachukua wote wawili.

Muuguzi wa Kampemba

Mama, nianze na huyo mdogo, kwa sababu kwake mimi sioni mjadala wowote. Mtoto wa miezi 6 asipandishwe kwenye kinga kwa njia yoyote ile. Shingo yake haijapata nguvu ya kukihimili kichwa pale gurudumu linapoingia shimoni, na akivalishwa kofia ngumu uzito wake unaizidishia shingo hiyo taabu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto asibebwe kwa baiskeli kabla ya kutimiza miezi 12, na hata baada ya hapo awe anakaa wima mwenyewe bila kushikiliwa. Siku za kuwachukua wote wawili, tembea kwa miguu au umwombe mtu akusaidie.

Kuhusu kikwembe, ninaelewa kwa nini dada yako anakitegemea, kwa kuwa sisi sote tumekulia mgongoni na tukitembea hakuna kibebeo kinachokipita. Juu ya kinga mambo yanabadilika. Mtu anayeanguka na baiskeli huanguka kwa ubavu au kwa mgongo, na uzito wake wote unamlalia mtoto kabla hajapata nafasi ya kunyoosha mkono. Tena mtoto aliye mgongoni anakuwa juu sana, kwa hiyo kinga yenyewe inayumba kirahisi unapokata kona. Jambo la tatu ni ncha za kikwembe: zikilegea na kuingia katika spoki au mnyororo, gurudumu husimama ghafla, nanyi nyote wawili mnakwenda chini.

Mpanda Kinga wa Ruashi

Mama, mimi ninaona watu wanatia hofu kupita kiasi. Portibagaji hizi ndizo zinazoleta makala (makaa) mjini kutoka porini, magunia makubwa yaliyopangwa hadi yanampita mwenye kinga kwa urefu, na hazivunjiki. Kilo 10 za mtoto zitaishindaje? Weka mto mzuri, mfunge mtoto kwa mkanda kwenye kiuno chako, uende polepole.

Fundi wa Kenya

Ndugu yangu wa Ruashi, kuhusu chuma umesema kweli, na mimi mwenyewe nimezitia nguvu portibagaji nyingi za wauza makala. Lakini gunia halina miguu. Gunia likishafungwa halisinzii, haligeuki kumtazama mbwa, wala halining'inizi kisigino karibu na gurudumu linalozunguka. Taabu ya kumbeba mtoto haiko katika uzito, iko miguuni, na ninaomba Mama wa Katuba alishike hili kuliko mengine yote tutakayomwambia hapa.

Mtoto aliyekaa juu ya mto bila pa kuegesha miguu huiacha ining'inie, na kwenye kinga kubwa ya magurudumu ya inchi 28 miguu hiyo iko sawasawa na spoki. Mguu ukiingia, gurudumu linauvuta hadi kwenye bomba la fremu na kuubana hapo, na kisigino au kifundo ndicho kinachoumia. Kumfunga mtoto kiunoni kwako hakuzuii jambo hilo hata kidogo, na kunaongeza jingine: ukianguka, unamburuta pamoja nawe.

Kwa hiyo kati ya njia zote nne ulizotaja, mimi ninachagua kiti cha plastiki, ila usikinunue kabla hujakikagua juani. Viti vya Ulaya vilivyotengenezwa kwa kanuni ya EN 14344 huwa na maandishi au kibandiko kinachotaja uzito: vile vya nyuma kwa kawaida ni vya mtoto wa kilo 9 hadi 22, vile vya mbele ni kilo 9 hadi 15. Binti yako anaingia humo. Tazama plastiki penye matundu ya skrubu na chini ya kalio. Ukiona michirizi myeupe au nyufa nyembamba kama nywele, kirudishe, kwa maana jua limekwisha kuila plastiki hiyo na siku ya kugonga shimo itapasuka. Fungua na kufunga bakoli (vifungo) za mikanda mara nyingi, uone kama zinashika. Mikanda yenyewe ipite mabegani na kiunoni, na ule wa kiunoni peke yake usikutoshe. Kiti kiwe na mabawa mawili marefu yanayoshuka pembeni na kuifunika miguu, na chini yake pawe na vikanyagio vyenye kamba ya kufunga kiatu. Kiti kisicho na mabawa hayo si cha mtoto, hata kiwe kipya.

Halafu uangalie jinsi kinavyoshikwa. Viti vingi vya aina hiyo hukaa juu ya vyuma viwili vilivyopindwa, ambavyo vinaingia katika kibano kinachofungwa kwenye bomba lililo chini ya tandiko, na vibano vingi vinataka bomba la duara la milimita 28 hadi 40. Watu wengi huuza kiti bila kibano hicho, nawe ukifika nyumbani unakuta huna cha kukifungia. Viti vingine hukaa moja kwa moja juu ya portibagaji, na hapo unatafuta tarakimu iliyogongwa kwenye chuma inayoeleza kilo zinazoruhusiwa.

Mwisho, tandiko la kinga kama hiyo lina springi kubwa upande wa nyuma, na vidole vya mtoto aliyekaa nyuma yako vinafika hapo. Springi hizo zifunikwe kwa ngozi au kwa mpira mzito kabla mtoto hajapanda.

Muuguzi wa Kampemba

Ninaunga mkono maneno ya fundi juu ya miguu, na ninaongeza hili kwa wote wanaosoma. Mguu ukinaswa katika spoki, usiuvute kwa nguvu wala usiusukume mbele. Simamisha kinga, rudisha gurudumu nyuma taratibu, au kata spoki. Kisha mpeleke mtoto hospitali hata kama unaona mchubuko mdogo tu, kwa sababu ngozi ya kisigino iliyosagwa inaweza kuonekana nzima siku ya kwanza kisha ikafa siku zinazofuata, na mfupa ulioumia hauonekani kwa macho.

Baba Mapacha

Nimeishi Ubelgiji miaka kadhaa, na huko wazazi wengi huvuta watoto katika kigari. Ninashangaa kuona hakuna anayekitetea. Baiskeli ikianguka, kigari kilichotengenezwa vizuri hubaki kimesimama, kwa kuwa kiungo chake kinazunguka. Mtoto yuko chini, amefungwa mikanda, amezungukwa na fremu, na nafasi ya watoto wawili ipo.

Fundi wa Kenya

Papa, faida hizo ni za kweli, na siku tutakapokuwa na njia za baiskeli peke yake nitakuwa wa kwanza kuzisifu. Lakini uzitazame njia zetu. Kigari ni kipana kuliko usukani, kwa hiyo unakwepa shimo kwa gurudumu lako huku gurudumu la kigari linatumbukia. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, mtoto aliye chini anapumua vumbi jekundu la kila gari linalopita. Dereva wa kamyo la madini, aliye juu kule, anamwona mwenye baiskeli akikisia kwamba nyuma yake hakuna kitu. Zaidi ya hayo, cha Mama kitakuwa cha kuchomelewa uani. Mimi ninachomelea vyuma kila siku, na kigari cha kubebea maji nitakiunda bila wasiwasi. Cha kumbebea mtoto sitakiunda, kwa sababu kiungo kikikatika njiani sina njia ya kujua mapema.

Baba Mapacha

Hoja ya kigari cha kuchomelewa ninaikubali, fundi. Nilikuwa nikifikiria vile vya kiwandani. Kwa barabara kubwa ya Kasenga hata mimi nisingethubutu.

Mama wa Kigoma

Mama mwenzangu, mimi hubeba mwanangu katika kiti cha nyuma, na ninakueleza yale ya kila siku ambayo mafundi hawayataji. Usimwache mtoto kitini huku kinga ikisimama kwa stendi yake, hata kwa muda wa kufunga mlango. Egemeza kinga ukutani, weka mizigo yote kwanza, mtoto awe wa mwisho kupanda na wa kwanza kushuka. Vifungo vya chuma vilivyokaa juani huunguza, kwa hiyo viguse kabla ya kumfunga. Mtoto akisinzia, kichwa huanguka mbele, nami hushuka nikaisukuma kinga.

Kuhusu kofia, tafuta ya baiskeli yenye maandishi EN 1078 au EN 1080. Kofia ya pikipiki ni nzito mno kwa shingo hiyo, na ile ya wajenzi haikuundwa kwa ajili ya kuanguka. Pima kichwa kwa utepe juu kidogo ya nyusi kabla ya kwenda sokoni. Iliyochongoka nyuma uiache, kwa maana mgongo wa kiti unaisukuma na mtoto anakaa ameinama njia nzima.

Na kabla ya yote, funga mfuko wa unga wa kilo 10 katika kiti hicho uzunguke nao mtaani, upande na kushuka, ufunge breki kwa ghafla. Utaona kinga inavyokuwa nyingine kabisa.

Mama wa Katuba

Ninawashukuru sana, hasa kwa sababu mlizozitoa, maana jana nilimsomea dada yangu maneno ya muuguzi na hakubisha. Tumeamua hivi: mdogo atabaki kuletwa kwa miguu, na tutakinunua kiti cha nyuma kama kitapita ukaguzi wa fundi. Nitapitia njia za ndani za mtaa badala ya barabara kubwa. Yamenibaki maswali mawili. Breki za fimbo zinatosha? Na kama kibano hakipo, je, kiti kinaweza kufungwa kwa mipira ya tairi kwa muda?

Fundi wa Kenya

Mama, mipira ya tairi hapana, hata kwa siku moja. Mpira hunyumbuka, kiti kinacheza, na mchezo huo ndio unaokuyumbisha. Kama kibano kimekosekana, tafuta kiti kingine.

Breki za fimbo zinafaa wakati wa kiangazi, mradi vipande vya mpira vishike rimu pande zote mbili na visiwe vimekauka. Kuanzia Novemba mvua ikinyesha, rimu ya chuma iliyolowa huteleza sana, nawe utahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Siku hizo, na popote maji yamefunika shimo usijue kina chake, shuka ukasukume.

Njoo na kinga na kiti kabla hujamaliza kulipa, tuone kama mwenye mali atakubali kukukopesha kwa saa moja. Kwenye kiti pana alama ya mahali uzito unapokaa, na alama hiyo iwe mbele ya ekseli ya nyuma, au isiipite kwa zaidi ya sentimita 10, vinginevyo gurudumu la mbele litakuwa jepesi. Nati nitakazotumia ni zile zenye nailoni ndani, na kila wiki uzijaribu kwa spana. Uje na binti mwenyewe, akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku, kwa sababu vikanyagio vinapimwa kwa miguu yake.