Mwalimu Thackeray alifanya sawa kutupa vitabu kwenye pipa la taka?

Wadau, naileta hii tubishane kwa hoja. Filamu ya To Sir, with Love ya mwaka 1967 walimu wengi wanaipenda mno, nami naipenda. Ila kile kitendo kinachoshangiliwa kuliko vyote ndicho ninachokipinga.

Kwa asiyeiona: Sidney Poitier ni Mark Thackeray, mhandisi kutoka Guyana aliyekosa kazi ya fani yake, akaenda kufundisha watoto wa makabwela mashariki mwa London. Wanamsumbua hadi siku moja anavikusanya vitabu vya kiada na kuvitupa. Tangu hapo darasani ni mazungumzo tu: ndoa, kifo, mapishi, namna ya kuomba kazi. Wasichana wanaitwa "Miss", yeye anaitwa "Sir". Mwishoni barua ya ajira ya uhandisi inafika, anaichana, anabaki na chaki.

Wanaomtetea wana hoja. Wakati ule Uingereza mtoto aliweza kuacha shule akiwa na miaka 15, na hawa walikuwa karibu kabisa kuondoka. Wanauliza, kanuni za hesabu zingewafaa nini?

Mimi nasema watoto wale walishachujwa mapema, kwa mtihani wa miaka 11. Waliofaulu walikwenda shule za kitaaluma, waliobaki wakapelekwa shule za namna ile. Serikali ilikwisha kuwaambia kwamba elimu ya juu si yao. Kisha anakuja mtu aliyefika alipo kwa hesabu na fizikia, anawaambia yaleyale, tofauti ni upole wake. Adabu ni nzuri, lakini adabu peke yake inamwandaa mtoto kuwa mfanyakazi mtiifu.

Nakubali jambo moja, tena kwa moyo wote. Seales, kijana chotara, anafiwa na mama yake. Wenzake wanachanga shada la maua, lakini wanaogopa kulipeleka: watu watasema nini wakiwaona wanaingia nyumba ya mtu mweusi? Siku ya mazishi wanatokea. Hapo mwalimu alifanya kazi ambayo kitabu cha kiada kisingeifanya.

Linaloniuma zaidi ni lililofichwa. Hadithi inatokana na kitabu cha E. R. Braithwaite cha mwaka 1959, kuhusu maisha yake mwenyewe. Aliitumikia Uingereza katika jeshi la anga wakati wa vita, kisha akanyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake. Shule aliyofundisha, St George-in-the-East, iliongozwa na Alex Bloom, aliyekataza viboko, akaunda baraza la wanafunzi, na kila wiki watoto waliandika maoni yao kuhusu masomo, hata kumkosoa mwalimu. Kwenye filamu haya yamefifia, amebaki shujaa mmoja. Braithwaite alisema hadharani kwamba hakuipenda.

Tukiamini mwalimu mmoja mwenye moyo anatosha, nani atamuuliza waziri kuhusu mtihani kama ule uliowatupa watoto wakiwa na miaka 11?

Anayelitetea lile pipa ajitokeze. Naomba tu aanze na watoto wenyewe: wanafunzi wake Pamela Dare na Denham wangeishia kazi gani? Asianze na wimbo wa filamu ulioimbwa na Lulu, maana hata mimi unaniliza.