Izeli (fremu ya kushikilia ubao wa kuchorea) ya kitandani kama ya Frida Kahlo: ilikuwaje, na tunawezaje kuitengeneza hapa Mombasa?

Mwalimu_wa_Sanaa_Kisauni

Salaam aleikum wanajamvi. Swali langu ni kwa mafundi na kwa wanaojua habari za wachoraji. Mwanafunzi wangu, binti wa kidato cha pili, amevunjika paja. Amefungwa plasta toka kiunoni hadi mguuni, na daktari amemwambia alale nyumbani kwa majuma kadhaa. Mkono wake ni mzuri sana kwenye kuchora, lakini sasa amekata tamaa hata penseli haishiki.

Nataka kumpelekea habari za Frida Kahlo, yule mchoraji wa Mexico. Ila sitaki kwenda na "jipe moyo" mikono mitupu, nataka nimfikishie na kifaa chenyewe. Mamake Frida alimtengenezea nini hasa? Fundi wa hapa anaweza kukiunda kwa kitanda cha futi 3 kwa 6? Na ni rangi gani zinazomfaa mtu aliyelala chali? Chumba kina feni ya dari na kitanda kina chandarua.

Picha_na_Tarehe

Wa aleikum salaam mwalimu. Nia njema hiyo. Nianze na yanayojulikana.

Frida alizaliwa Coyoacán mwaka 1907. Akiwa na miaka 6 alipata polio, mguu wa kulia ukabaki mwembamba. Tarehe 17 Septemba 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu (gari la abiria la reli za mjini). Chuma cha kushikilia abiria kilimpenya nyonga, uti wa mgongo ukavunjika, na mguu uleule wa kulia ukavunjika mahali pengi. Alikuwa mwanafunzi aliyetaka kusomea udaktari, hakuwa na mpango wa kuwa mchoraji. Babake, Guillermo, alikuwa mpiga picha mwenye kisanduku cha rangi za mafuta na brashi. Mamake, Matilde, akaagiza izeli ya namna ya pekee, ya kufungwa kitandani ili binti achore akiwa amelala. Kitanda kilikuwa cha nguzo nne chenye paa, na chini ya lile paa kukawekwa kioo. Hapo akapata mtu wa kumchora ambaye yupo saa zote, yaani yeye mwenyewe. Picha yake akiwa na gauni la mahameli ni ya 1926, mwaka mmoja tu baada ya ajali.

Jambo ambalo ningemwonyesha huyo binti kwa rula ni vipimo. Picha ya Hospitali ya Henry Ford (1932), aliyoichora baada ya mimba kuharibika kule Detroit, ni kama sentimita 30 kwa 38, na imechorwa juu ya bati. Ile ya Nguzo Iliyovunjika (1944), anapojionyesha ndani ya korseti (vazi gumu la kushikilia mgongo), ni kama 40 kwa 30. Hizo si kubwa kushinda karatasi ya A3. Mtu ambaye mkono wake haufiki mbali alichagua eneo ambalo mkono unalifikia, kisha akalifanyia kazi kwa brashi ndogo mpaka likatosheka. Huo ndio uvumilivu ninaoupenda kwake, maana unaweza kuigwa.

Ila usimwambie kwamba kila kitu alikichorea kitandani, si kweli. Frida Wawili (1939) ina karibu mita 1.7 kila upande. Kulikuwa na miaka ya kusimama, miaka ya kukaa na miaka ya kulala, na kila alipobadilika mwili alibadilisha mpangilio wa kazi. Mwaka 1950 alikaa hospitalini miezi mingi akifanyiwa upasuaji wa mgongo mara kwa mara, na bado akachora. Aprili 1953, kwenye maonyesho yake ya kwanza ya peke yake nchini mwake, kitanda kilitangulizwa ukumbini, naye akaletwa kwa ambulensi akalazwa humo kupokea wageni. Agosti mwaka huohuo mguu ukakatwa.

Naomba pia usimfundishe kwamba maumivu ndiyo yaliyompa kipaji. Picha zake za mwisho, za 1954, zina brashi nzito isiyotulia, kwa sababu ya udhaifu na dawa za maumivu. Maumivu yalimwibia kazi nyingi. Kilichomsaidia ni mbao, kioo, na watu waliomwekea vitu karibu.

Fundi_Mbao_Majengo

Mwalimu, hiyo yawezekana, na fundi anayejua kazi aimaliza kwa siku moja. Lakini usiifunge kwenye kitanda chenyewe. Vitanda vyetu vingi havina nguzo za kubeba uzito, na kila mgonjwa akigeuzwa ubao utatikisika. Ifanye isimame chini, pande mbili za kitanda.

Kitanda cha futi 3 kina sentimita 91, na ukingo wake huongeza kidogo, basi nafasi kati ya nguzo mbili iwe mita 1.05. Nguzo ni saiprasi ya inchi 2 kwa 2, urefu mita 1.2. Kila nguzo iwe na kitako cha inchi 2 kwa 3, urefu sentimita 60, kilicholala sambamba na kitanda, pamoja na mbao mbili za mshazari za kukaza. Usipoweka za mshazari, fremu yote itayumba kila brashi ikigusa karatasi. Juu pitisha mbao moja ya 2 kwa 2. Toboa nguzo matundu kila sentimita 5 ili iweze kupandishwa na kushushwa.

Ubao wa kuchorea ni plaiwudi ya milimita 6, sentimita 40 kwa 50, na hauzidi kilo moja. Shusha vipande viwili vya mbao toka kwenye ile ya juu, ubao uning'inie katikati yake kwa bolti za milimita 8 na zile nati za masikio mawili zinazokazwa kwa vidole. Matundu ya bolti yawe katikati ya urefu wa ubao. Ukiyaweka juu, uzito wote unavuta upande mmoja na nati zitalegea tu, hata ukaze vipi. Weka na kamba ya tahadhari toka ubaoni hadi mbao ya juu. Bolti ikichomoka, kamba itaudaka ubao kabla haujamfikia mtoto usoni.

Chagua saiprasi kavu. Ile mbichi hupinda ndani ya mwezi, na matundu hayatakutana tena. Skrubu na bolti ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, hewa yetu ya chumvi unaijua. Piga msasa kila pembe. Mchana chandarua kikunjwe juu, usiku toa ubao ukiacha fremu tu.

Fizio_Pwani

Maelezo ya fundi ni sawa, nami naongeza ya mwili. Plasta ikifika kiunoni, kumwinua kwa kurundika mito si uamuzi wa mwalimu wala wa mzazi. Muulizeni kwanza daktari aliyemfunga ni nyuzi ngapi anaruhusiwa kuinuka.

Akiwa chali kabisa, ubao uegemee kumwelekea, ukingo wa juu ukiwa karibu na kichwa kuliko wa chini, uso wa karatasi ukitazamana na macho. Umbali ni sentimita 40 hadi 50. Katikati ya karatasi pawe chini kidogo ya usawa wa macho. Karatasi ikikaa vibaya atainua kichwa toka kwenye mto ili aione, na shingo itauma kabla hata mchoro haujaanza. Viwiko vyote viwili vipumzike juu ya mito midogo. Mkono unaoning'inia juu ya kifua bila egemeo hufa ganzi haraka, naye atadhani ni yeye asiyeweza.

Aanze kwa dakika 15, apumzike, arudie. Na kuchora kusicheleweshe kugeuzwa kwake: kila baada ya saa mbili, ili visigino na kiuno visipate vidonda. Mtoto akizama kwenye kazi atasema "ngoja kidogo". Msingoje.

Kuhusu kioo, tafadhali msitundike cha kawaida juu ya uso. Kioo cha milimita 3 chenye ukubwa wa 40 kwa 50 kina uzito wa kilo 1.5, na kikianguka kinakata. Tafuteni cha plastiki, uzito wake ni kama nusu ya huo, na kifungwe kwenye nguzo ya kando kikielekezwa kwake.

Rangi_za_Pwani

Kwenye rangi ndipo watu wengi huharibu. Ubao ukimwinamia mtu, kila kinachotiririka kinamtiririkia yeye. Rangi za maji zitashuka kwenye mpini wa brashi hadi kiganjani. Kalamu ya biki itaacha kuandika, kwa sababu wino wake hushuka kwa uzito wake na sasa ncha inatazama juu. Chaki na pasteli humwaga vumbi machoni. Siku za kwanza mpe penseli laini za 2B na 4B na kreyoni za nta, hazina shida yoyote.

Akizoea, mpe akriliki (rangi inayochanganywa na maji) nzito ya mrija, bila maji au kwa tone tu, na brashi bapa ndogo. Frida alitumia mafuta, lakini mafuta yanataka tapentaini, na harufu yake ndani ya chumba kidogo cha mgonjwa haifai. Akriliki adui yake ni feni: juu ya paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) inakauka kwa dakika chache. Kamua kiasi cha punje ya mahindi kwa kila rangi, iweke juu ya kitambaa kibichi ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko. Karatasi iwe nzito, gramu 200 kwa mita mraba na kuendelea, ishikwe kwa klipu za chuma pembe zote nne. Gundi ya utepe haishiki vizuri kwenye unyevu wetu.

Mwalimu_wa_Sanaa_Kisauni

Shukran sana, Mungu awazidishie. Mawili yamebaki. Nimesoma kwamba Frida alichora hata juu ya korseti zake za plasta, naye binti akisikia hilo atataka. Inaruhusiwa? Na je, tunaweza kutumia bati kama yeye?

Fizio_Pwani

Ni kweli alizichora. Kwa binti, mngoje plasta ikauke kabisa, siku mbili hadi tatu tangu kufungwa, halafu kwa idhini ya daktari atumie rangi inayochanganywa na maji, kidogo tu, plasta isilowe. Asipake rangi ya mafuta wala vanishi, kwani huziba plasta isipitishe hewa. Aache sehemu kubwa nyeupe, hasa juu ya kidonda kama kipo. Daktari huangalia madoa yanayopenya toka ndani, na madoa hayo yakifichwa na maua mazuri mtachelewa kujua.

Rangi_za_Pwani

Bati la kuezekea usilitumie na rangi ya mafuta. Lina zinki, na zinki ikikutana na mafuta hutengeneza kitu kama sabuni katikati, rangi ikabanduka maganda maganda. Mwombe fundi wa masufuria akukatie alumini nyembamba, sentimita 20 kwa 25, akunje kingo zote zisimkate. Isugue kwa msasa laini, ifute kwa spiriti, paka praima ya chuma (rangi ya kwanza ya kushikisha) mara mbili nyembamba, iache siku nzima. Kazi hiyo yote ifanyike nje, mbali na kitanda. Yeye apelekewe kipande kikiwa kikavu, tayari kwa akriliki.