Mbwa mwenye adabu ambaye hakuna aliyemfunza: tupeane uzoefu

Baba wa Muyeye

Ndugu zangu, mwezi wa nne tulimzika Watasema chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Alikuwa jike, mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na la pili limelala. Miaka 11 aliyoishi kwangu hapa Malindi hakuwahi kutiwa mnyororo. Jikoni hakuingia. Kuku walitotoa hatua tatu kutoka mahali anapolala naye akaviacha vifaranga vipite juu ya mkia wake. Mjukuu wangu alianza kusimama kwa kumshika shingo. Na nawaambieni kweli, hakuna siku niliyokaa nikamfundisha neno.

Kabla yake nilikuwa na jamani shepadi. Huyo nilimlipia mtu miezi 3 aje kumfunza. Akiambiwa keti anaketi, akiambiwa lala analala. Mwalimu akishatoka getini, mbwa anamaliza kuku wa jirani, na siku moja alimvamia mtoto aliyekuja kurudisha sufuria. Niliachana naye kwa uchungu.

Sasa nimeahidiwa kitoto cha mbwa kule Barani. Wana wiki 5, na mwenyewe anataka nikachukue changu Jumamosi hii. Kabla sijaenda nataka kuelewa adabu ya Watasema ilitoka wapi. Mwenye mbwa wa namna hiyo anisimulie kisa cha mbwa wake mwenyewe.

Mchunga mbuzi, Msabaha

Pole sana, Mzee.

Wangu ni dume, alizaliwa ndani ya banda la mbuzi kwa sababu mama yake alikuwa akilala humo. Alipofumbua macho, alichoanza kukiona ni kwato. Alipoanza kutambaa, beberu alimpiga kumbo akalia hadi nyumba nzima ikatoka nje, na tangu siku hiyo mbuzi kwake ni mtu wa kuheshimiwa. Tukitoka asubuhi upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke alikuwa nyuma ya mama yake. Mama akisimama anasimama. Mama akimzunguka mbuzi aliyebaki nyuma, naye anazunguka, ovyo ovyo mwanzoni, mimi nimekaa kivulini natazama. Mama yake alipokufa kazi iliendelea kama kawaida.

Nduguye wa tumbo hilo hilo alipelekwa mjini angali mdogo. Huyo akiona mbuzi anamtimua mpaka barabarani.

Soja wa Casuarina

Mimi nalinda nyumba ya Waitaliano barabara ya Casuarina, mwaka wa 9 huu. Kuna mbwa watatu.

Mama mwenye nyumba huja Desemba na kuondoka baada ya Pasaka. Akishuka tu garini wote watatu wanamrukia, nguo zake nyeupe zinajaa matope, naye anawasukuma kwa mikono miwili huku anapiga kelele na kucheka. Mimi hawanirukii. Wageni huniuliza nimewafunza vipi. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa na sare mbili tu na nilizifua mwenyewe, kwa hiyo mbwa akinirukia nilimpa mgongo, nikasimama kama mlingoti mpaka miguu yote minne iwe chini, ndipo nikamsalimia. Nilikuwa nafikiria sabuni. Kumbe mwenzangu anapiga hesabu: kumrukia soja hakuleti kitu, kumrukia mama kunaleta mikono miwili na sauti. Mbwa ni yule yule, ana adabu mbili, na zote mbili alijifunza kwetu.

La pili ni saa. Saa 11 alfajiri kabla ya kutoka zamu nawapeleka ufukweni Silversands. Maji yakiwa yamekupwa wanakimbia kwenye mchanga mgumu hadi ndimi zinaning'inia. Saa 12 na nusu wanapata ugali na vichwa vya samaki, kisha mchana kutwa wamelala chini ya mvinje. Mwaka mmoja nilikwenda likizo ya mwezi, aliyeshika nafasi yangu hakuwatoa. Niliporudi viti vya barazani vilikuwa vimetafunwa na bustani ina mashimo kama imechimbwa choo. Nikaambiwa mbwa wameharibika. Niliwatoa ufukweni siku tatu mfululizo, mashimo yakakoma.

Bint Mambrui

Huenda mkashangaa mimi kuchangia. Kwetu mbwa haingii ndani. Akilamba chombo kinaoshwa mara 7, moja yake kwa udongo, na watoto wetu hulijua hilo kabla hawajajua kusoma. Lakini mbwa tunaye. Baba ana minazi nje ya Mambrui na nazi huibwa, basi huyo hushinda shambani na jioni hurudi nasi hadi uani. Tulipokuwa wadogo Baba alitusimulia kisa cha watu wa pangoni, na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini. Huyu wetu hulala vivyo hivyo. Miaka 8 hajakivuka kizingiti.

Nimelifikiria sana swali lako, Baba wa Muyeye. Naona jambo lenyewe ni kwamba hakuna hata mtu mmoja nyumbani aliyewahi kumruhusu. Bibi hakumruhusu, watoto hawakumruhusu, wala mgeni wa Idi. Nina jirani ambaye leo mbwa wake huitwa ndani kwa kuwa mvua inanyesha, kesho hupigwa teke kwa kuwa zulia ni jipya. Mnyama yule atajuaje lipi ni lipi? Sheria yetu iliwekwa kwa ajili ya sala, mbwa hakuwa akifikiriwa kabisa, kwa hiyo haikulegezwa siku moja kwa huruma wala siku ya pili kukazwa kwa hasira.

Na hatukumpiga ndipo aijue. Maji yake yako kwenye chungu chini ya mstafeli, chakula chake huwekwa hapo hapo kila siku baada ya magharibi. Akija mtoto kucheza naye, humfuata nje. Kila kizuri alichokijua maishani mwake kimemkuta nje ya mlango. Inaniuma ninaposikia watu wakisema Waislamu hawana huruma na mbwa. Baba yangu ni heri alale na njaa kuliko mbwa yule akose chakula.

Mvuvi, Mayungu

Hapa bandarini mbwa hawana mwenyewe. Wanalala kivulini mwa ngalawa mpaka samaki wapasuliwe, ndipo wapate matumbo. Anayenyakua hufukuzwa kwa kasia. Anayeng'ata huuawa, nasema lilivyo. Wanaobaki ndio wanaozaa. Ukikuta mbwa sita wametulia pembeni ya samaki, changu na tafi, ujue wa aina nyingine walishaondoka zamani.

Daktari wa Mifugo

Mzee, nakuomba usimchukue huyo mtoto Jumamosi. Wiki 5 ni mapema mno, mwache angalau zifike 8. Wiki hizo anafunzwa kupima meno yake: akimng'ata nduguye kwa nguvu, nduguye analia na mchezo unakatika. Hakuna binadamu anayelifundisha hilo vizuri kama wao wenyewe.

Kisha kuna kipindi cha kuzoea dunia, tangu kama wiki ya 3 hadi ya 12 au 14. Watafiti wa Bar Harbor, Marekani, walionyesha katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba vitoto waliokaa bila kukutana na watu mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa mwituni, hata walipobembelezwa baadaye. Anachokutana nacho kwa amani wakati huo, awe mtoto, kuku au pikipiki, kinakuwa sehemu ya nyumbani kwake. Niambie, shepadi wako ulimtoa wapi na akiwa na umri gani?

Mvuvi amegusa jambo kubwa. Huko Novosibirsk, Urusi, Dmitri Belyaev alianza mwaka 1959 kuzalisha mbweha akichagua wapole peke yao. Kabla ya vizazi 10 kupita, baadhi walikuwa wakitikisa mkia na kulamba mikono ya watu. Upole unarithiwa, ila msiutafute kwenye jina la aina ya mbwa. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2022, wenye mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta aina inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa.

Moja la hatari. Msiuite kila ukimya adabu. Mbwa aliyejikunja, mkia tumboni, anageuza uso na kulamba midomo wala hakuna chakula, ana woga, na aliyepigwa kila alipobweka anaweza kung'ata pasipo kubweka. Yeyote akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Na chanjo ya kichaa cha mbwa msiikose.

Mama wa Kakuyuni

Daktari, nimekuelewa, lakini nina la moyoni. Nililea wawili wa tumbo moja, ua mmoja, sahani moja. Jike ni mpole hadi leo. Dume tangu anaanza kutembea alikuwa akijificha nyuma ya tangi la maji, mtu akipita anatetemeka. Nilimvumilia miaka miwili, akaja kumng'ata kaka yangu aliyekuwa akimlisha kila siku. Watu walinambia sikumlea. Nililia sana.

Daktari wa Mifugo

Mama, pole. Wengine huzaliwa na woga huo, na malezi mema huupunguza tu. Hukukosa.

Baba wa Muyeye

Nimetoka Barani sasa hivi, nimekwenda na mjukuu.

Daktari, shepadi nilimchukua ana miezi 4, alikuwa akiishi kwenye kizimba cha nyaya na ndugu zake, kuku hajawahi kumwona. Watasema alizaliwa nyuma ya kibanda cha mama wa mahamri, barabarani kabisa, katikati ya miguu ya watu. Na nimekumbuka nilichokuwa nimekisahau: wiki ya kwanza alimsogelea kuku mwenye vifaranga, akadonolewa pua.

Bint Mambrui, maneno yako yamenikalisha chini. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akiiweka ile sahani nje ya mlango wa jiko, kila jioni, na hakuiweka mpaka Watasema awe ameketi. Mimi nilikuwa barazani nasikiliza redio. Nimekaa miaka yote nikisema hakuna aliyemfunza.

Mama wa wale vitoto alitoka kunilaki, akanusa mkono wangu, akarudi kulala huku mjukuu anawashika watoto wake. Mwenyewe amekubali wakae wiki 3 zaidi, mradi nipeleke dagaa na unga wa mama yao. Mjukuu kachagua jike mwenye doa kifuani, aliyekuwa amelala mapajani mwake. Jumamosi tunarudi na kuku mmoja kwenye tenga, wamwone.