Vitabu vya wawindaji wa zamani, mnasomaga mkitafuta nini?

Mnyalu_Makambako
Wakuu kamwene. Nimechukua vitabu viwili vya mtumba hapa Iringa mjini, vya wazungu waliokuwa wanawinda Afrika enzi za mkoloni. Kimoja kimenishinda, kila ukurasa kaua tembo, kapima pembe, kapiga picha, kesho yake tena vile vile. Kingine sikulala mpaka kikaisha na wala hakina risasi nyingi. Nataka niongeze vingine ila hela ya mawazo, nyie mnaangaliaga nini kabla hamjatoa hela?

tukuyu_mvua
Mi naangalia kama jamaa analijua pori au anajua bunduki tu. Bell yule mwindaji wa Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, utasema yale yale, ila alikuwa anapasua fuvu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi ukimtazama tembo kwa mbele au kwa ubavu, ndo maana alitumia kibunduki cha 7mm wenzie wakibeba mizinga. Hapo unajifunza hata kama kuua kwenyewe hukukubali.

MamaParachichi_Njombe
Tafuta No More the Tusker ya 1965, cha George Rushby. Alikuwa bwana nyama huku huku kwetu, ndo aliyewamaliza wale simba wala watu wa Njombe miaka ya 40. Yeye anasema serikali iliua wanyama pori wengi kuzuia sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, isishuke kusini, simba wakakosa mawindo wakageukia watu. Wananchi wao wakasema ni simba wa Matamula Mangera, kavuliwa ujumbe ndo kawatuma, na mpaka aliporudishiwa cheo ndo wakatulia. Rushby kaandika yote mawili, hicho ndo kipimo changu, mtu anayesikiliza wenyeji. Huku wazee la Mangera wanalisimulia mpaka leo, la bwana nyama hata hawaligusi 😂

mbishi_wa_Uyole
Sawa mama ila namba za hawa watu msizimeze. Patterson, yule mhandisi wa daraja la reli la Tsavo, Kenya, alikuja kudai simba wake wawili wa 1898 walikula watu 135, waliopima mifupa na manyoya yao kule makumbusho ya Chicago 2009 wakakadiria kama 35. Sasa wale watu 1,500 wanaotajwa kuliwa Njombe alihesabu nani?

MamaParachichi_Njombe
Watu walikuwa wanaogopa hata kumtaja simba, we ulitaka wakajiandikishe bomani?

Idodi_kwetu
Mi dukani nafungua katikati namtafuta mfuata nyayo. Kama hana jina, "boy" tu kitabu kizima, narudisha. Tembo mwenye jeraha kwenye ardhi kavu kama ya huku Idodi nani anamfuata, si huyo? Vile ambavyo ana jina na anabishana na mwenye bunduki mpaka mzungu ananuna ndo vinanoga.

Mnyalu_Makambako
Mama, huyo Rushby unaye? Naomba niazime.

MamaParachichi_Njombe
Njoo na kitambulisho cha NIDA, kitabaki hapa.