Tupeane uzoefu: Makuzi ya Binadamu na Sayansi ya Familia chuoni, kazi gani inaangusha watu?

Kibaraza
Wakuu habari zenu. Kuna mdogo wetu kauliza juzi kama hii ni kozi ya "kufundishwa kulea watoto", akajibiwa vibaya sana, na imenigusa. Kozi hii imetoka kwenye sayansi kimu. Marekani wenye fani walianza kukutana Lake Placid mwaka 1899, chama chao kikaundwa 1909, na idara nyingi zilizokuwa za sayansi kimu leo zina jina hili la makuzi na familia. Huku kwetu unaikuta kwa majina mengine: SUA Morogoro kuna shahada ya masomo ya familia na walaji, na sehemu yake kubwa utaikuta Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama.

Waliopita huku wamwage vitu: kazi gani inawaangusha watu, na inafanywaje. Si lazima usimulie maisha yako. Mdogo wetu anataka namna ya kufanya.

Mama Chekechea
Uchunguzi wa mtoto, yaani kukaa chekechea ukimtazama mtoto na kuandika anachofanya. Hauna mpinzani.

Kosa ni lilelile kila mwaka: mwanafunzi anaandika hukumu badala ya alichokiona. "A. alikuwa na hasira" si data. Data ni hii: "Saa 3:14. A. anavuta ndoo ya bluu kwa mikono miwili. J. ameshika mpini, haachii. A. anaachia, anakunja ngumi, anapiga mchanga mara mbili, anamtazama mwalimu." Hasira itajionyesha yenyewe. Na pengine si hasira, maana huyo mtoto kamtazama mwalimu, na hicho kitendo ndicho chenye utamu wote wa ripoti. Ukishaandika "hasira" umekifuta.

Gawa ukurasa safu mbili kabla hujaondoka nyumbani. Kushoto ulichokiona na kukisikia, kulia tafsiri. Safu ya kulia iache tupu mpaka jioni. Maelezo mfululizo yasizidi dakika 10 kwa mara moja, mkono unachoka na baada ya hapo unaanza kufupisha bila kujijua. Nakili kwa usafi siku hiyohiyo, kesho utakuwa umeshaanza kubuni. Majina yasiwepo, herufi tu, na umri kwa miaka na miezi: "4;7", si "miaka minne hivi".

Siku ya kwanza usiitumie kama data. Watoto watakuja kukuzunguka waulize unaandika nini, kwa hiyo unachokiona siku hiyo ni watoto wakiwa na mgeni. Kaa kwenye kiti kifupi, pembeni, usiwe mlangoni wala karibu na mwalimu. Akikufuata jibu kwa ufupi, "naandika kazi yangu ya shule", kisha inamisha macho. Ataondoka.

Kisha kuna sampuli ya muda. Unatazama sekunde 20, unaandika sekunde 10, vipindi 40, jumla dakika 20. Wengi wanatumia makundi ya mchezo ya mtafiti Mildred Parten ya mwaka 1932, yanayopanga mchezo kwa kadiri watoto wanavyoshirikiana. Mtego uko kati ya mchezo sambamba na ule wa kushirikiana nusu. Watoto wawili wanapika mchanga kwenye vifuu: kila mmoja na chungu chake, hawaongei, hawabadilishani kitu, huo ni sambamba. Wakianza kuazimana vifuu na kuongea lakini kila mtu anapika chake, wamehama kundi. Wakigawana kazi, "wewe muuzaji mimi mteja", wamehama tena. Amua mipaka hiyo kwa maandishi KABLA hujaenda.

mtu_wa_pwani
Umemaliza, dada. Hapo kwenye "hasira" ndipo maksi zinapopukutikia.

Kalamu Nyekundu
Naongeza alichokiacha Mama Chekechea. Lazima muwe waangalizi wawili kwa sehemu ya vipindi, halafu mpime mnakubaliana kiasi gani. Na msiishie kwenye asilimia, inadanganya.

Mfano. Vipindi 40, mnatia alama "anacheza peke yake" au "hachezi peke yake". Wote wawili mmesema "peke yake" mara 28, wote mmesema "hachezi peke yake" mara 6, mmetofautiana mara 6, tatu kila upande. Makubaliano ni 34 kwa 40, yaani asilimia 85. Mnashangilia. Sasa angalia: kila mmoja wenu amesema "peke yake" mara 31 kati ya 40. Hata mngetia alama mmefumba macho mngekubaliana kwa bahati tu: 0.775 mara 0.775, jumlisha 0.225 mara 0.225, inakuja 0.651. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa bahati, ni 0.85 toa 0.651, gawanya kwa 1 toa 0.651. Jibu 0.57. Hiyo ni ya wastani tu. Rudini mkaandike upya mipaka ya makundi yenu.

Jogoo la Shamba
Kapa kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni kumtesa mtoto wa watu. Asilimia inatosha. Au arekodi kwa simu, arudie video mara tano, mambo yaishe.

Kalamu Nyekundu
@Jogoo la Shamba video ya watoto wa watu kwenye simu yako? Hiyo inahitaji idhini yake peke yake, tofauti na ya kuangalia na kuandika. Mzazi anaweza kukubali moja akakataa nyingine, na ana haki.

Jogoo la Shamba
Sawa, lakini hata hiyo daftari inahitaji idhini. Mbona hujasema?

Kalamu Nyekundu
Nasema sasa. Barua ya idara, ruhusa ya mkuu wa kituo, saini ya mzazi, na mtoto mwenyewe akubali. Akigeuka kukupa mgongo au akakimbilia kwa mwalimu amekataa, hata kama baba yake kasaini. Hiyo ni kwa zoezi la darasani. Ukivuka kuwa utafiti unahitaji kibali: Tanzania kuna COSTECH, na ukigusa afya kuna NIMR. Kenya ni NACOSTI. Anza mapema.

Nesi wa Zamu
Kwenye moduli ya makuzi ya mwili watu wanafeli kitu kidogo sana. Mtoto chini ya miaka miwili anapimwa urefu AMELALA, kuanzia miaka miwili anapimwa amesimama. Ukimsimamisha wa chini ya miaka miwili kwa sababu amegoma kulala, ongeza sentimita 0.7. Ukimlaza wa zaidi ya miaka miwili, punguza 0.7. Usiporekebisha unaweza kumwingiza mtoto kwenye udumavu ambao hana.

Ubao wa urefu ni wa watu wawili. Mmoja anashika kichwa kiguse ubao, macho yakitazama juu wima, mwingine anabana magoti yanyooke na kusogeza kibao cha miguuni. Vua viatu, fumua kilemba, na nywele zilizofungwa juu zifunguliwe. Utepe wa mkono, wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ili kujua utapiamlo, ni kwa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano. Usiukaze mpaka ngozi ikunjamane.

Na viwango vya WHO vya 2006 mnavyotumia si vya Wazungu peke yao, watoto waliopimwa walitoka Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Nimeona watu wanaandika vingine kwenye insha.

Sauti ya Busia
Mimi naona kinachoangusha ni nadharia. Mtu anabeba Bowlby na Ainsworth, wale wa nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi, mzimamzima anawamwaga kijijini. Mtoto wa kwetu analelewa na bibi, shangazi, dada mkubwa. Hiyo "mama mmoja" ni ya kwao, waachie wenyewe.

Mama Chekechea
Polepole kaka. Ainsworth alianzia hapo jirani yako. Alikuwa Uganda 1954, akatembelea nyumba za familia 26 kwenye vijiji vya karibu na Kampala, kitabu kikatoka 1967. Jaribio la Hali Ngeni, la kupima mtoto alivyoshikamana na mama, alilitunga baadaye Baltimore, Marekani.

Sauti ya Busia
Kuanzia Uganda hakufanyi jaribio la Baltimore kuwa la Uganda.

Kitabu Wazi
Wote mna haki nusu, ngoja niliweke jaribio mezani, maana wengi wanaligombania bila kulijua.

Hatua ni 8, nyingi dakika tatu tatu. Mtoto ana miezi 12 hadi 18. Wanaingizwa chumbani, ya kwanza haifiki dakika. Mama na mtoto na midoli. Mgeni anaingia: dakika moja kimya, moja anaongea na mama, moja anamsogelea mtoto. Mama anatoka. Mama anarudi, mgeni anatoka. Mama anatoka tena, mtoto anabaki PEKE YAKE. Mgeni anarudi. Mama anarudi. Mtoto akilia sana hatua inakatishwa, hamsubiri dakika tatu ziishe.

Wanafunzi wanahukumu kwa kilio cha mama akitoka. Sivyo. Maksi zinatoka hatua ya 5 na ya 8, mama anaporudi: anamfuata? anang'ang'ania? anamsukuma huku anataka kubebwa? anageuza uso? Kila moja inapimwa 1 mpaka 7. Analia sana, mama akirudi anatulia anarudi kwenye midoli, huyo yuko salama. Halii, mama akirudi hamtazami, huyo yuko kundi la wanaomwepuka mama.

Sasa hoja ya Busia. Hatua ya 6 ndiyo yenye kasoro kwa mtoto ambaye hajawahi kuachwa peke yake chumbani. Takahashi alionyesha Japani mwaka 1986 kwamba hatua hiyo inawavuruga watoto kupita kiasi na kuwasukuma kwenye kundi la wenye kinyongo, wale wanaomsukuma mama huku wanataka kubebwa. Kwa hiyo usiandike "nadharia haifai Afrika", utapewa sufuri. Andika hatua ya 6 inapima nini kwa mtoto anayebebwa mgongoni kutwa nzima na watu wanne. Hapo profesa atakaa vizuri.

Sauti ya Busia
Hiyo nimeikubali. Na muwasome watafiti Super na Harkness, walifanya kazi kwa Wakipsigis wa Kenya, kijiji cha Kokwet. Mama anachimba kishimo, anamweka mtoto akae ameegemezwa na nguo, anamfundisha kukaa. Kwa hiyo anakaa mapema. Kutambaa hawakumfundisha, na hakutambaa mapema. Ukiandika "Waafrika wanakua haraka" bila kusema kipi kilifundishwa umeandika upuuzi.

Neema ya Bonde
Mimi niseme la jenogramu, ule mchoro wa ukoo wa vizazi kadhaa, maana kuna kisa cha mwanafunzi mmoja kinanijia kila nikiona neno "familia". Kazi ilikuwa vizazi vitatu. Kampigia hodi bibi yake mzaa baba, simu inarekodi, anauliza mwaka wa ndoa na wa kuzaliwa kila mtoto. Babu alikwenda migodi ya Zambia 1966, akarudi 1971. Baba wa mwanafunzi kazaliwa 1968. Mtoto wa watu akauliza kwa sauti, "Bibi, babu alirudi likizo?" Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaizima simu mwenyewe. Kikao cha ukoo kikaitwa wiki hiyohiyo.

mtu_wa_pwani
Mungu wangu. Ikaishaje?

Jogoo la Shamba
Endelea bibie usituache hapa.

Binti Mwanagenzi
Babu yuko hai???

Neema ya Bonde
Babu yu hai, na kikaoni akasema alijua siku zote, mtoto ni wake, mjadala umefungwa. Ya baadaye ni ya familia yao. Nilichotaka kusema ni kwamba kazi ile ilitakiwa iwasilishwe mbele ya darasa la watu 60.

Jogoo la Shamba
Ndiyo maana unabuni tarehe. Nani atajua?

Kitabu Wazi
Usibuni. Jenogramu inafanya kazi kwa tarehe. Ukiweka ndoa, safari, vifo na vizazi kwenye mstari mmoja, zinagongana, na siri nyingi hutokea hapo. Ndiyo maana taratibu ni hizi: humuulizi mtu mzima mbele ya watu, unamwambia mapema nani ataona mchoro, unaanza na majina na vijiji, tarehe unaziacha mwishoni, na akisema "hilo tuliache" unaliacha na kuandika alama ya kuuliza. Kabla ya kukabidhi muombe mwalimu kwa maandishi utumie familia ya kubuni au ya mtu aliyeridhia. Walimu wengi wanakubali.

Kuchora: mwanamume mraba, mwanamke duara, mume kushoto. Watoto wanapangwa kutoka mkubwa kushoto kwenda mdogo kulia. Aliyefariki X ndani ya alama. Kutengana mkwaju mmoja kwenye mstari wa ndoa, talaka miwili. Wanaoishi pamoja bila ndoa, mstari wa vidoti. Mhusika mkuu mzungushie mara mbili.

Binti Mwanagenzi
Na mitala? Babu ana wake watatu, mstari wa "mume kushoto" unaharibika.

Kitabu Wazi
Babu katikati, kila mke na mstari wake unaotoka kwa babu, na juu ya kila mstari mwaka wa ndoa. Watoto wananing'inia kwenye mstari wa mama yao, usiwachanganye. Halafu chora duara la vidoti kuzunguka wanaoishi nyumba moja. Kwetu hilo duara ndilo linaloonyesha mtoto analelewa wapi, maana mara nyingi si kwa wazazi wake.

Ughaibuni wa Ohio
Kwa wanaofikiria kuja huku Marekani: shahada ya kwanza ya fani hii HAIKUPI leseni ya kutoa tiba ya ndoa na familia, hiyo inataka uzamili na saa za usimamizi. Inachokufungulia ni cheti cha mwelimishaji wa maisha ya familia cha NCFR, chama cha Marekani cha wataalamu wa familia cha tangu 1938. Kina maeneo 10 ya maudhui. Chuo chenye mtaala ulioidhinishwa kinakupa njia fupi, lakini ukibadilisha kozi moja iliyo kwenye orodha yao njia hiyo inaweza kukufunga. Muulize mshauri wako mwaka wa kwanza.

Mama Chekechea
Huku nyumbani mwenye fani hii anatafutwa zaidi tangu ilipozinduliwa programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, Desemba 2021. Isome yote kabla ya usaili wowote wa afisa ustawi au shirika la watoto.

Binti Mwanagenzi
Swali la mwisho. Nikiwa kwenye uchunguzi nikaona alama za fimbo mgongoni kwa mtoto, naandika safu ya kushoto au ya kulia?

Nesi wa Zamu
Kushoto, kama ulivyoona: mahali, urefu, rangi, saa. Halafu funga daftari. Usimhoji mtoto, usimpige picha, usimwahidi kwamba utaficha. Siku hiyohiyo mwambie msimamizi wako na afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, au piga 116, ni bure Tanzania na Kenya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwenye taarifa azitoe. Kama unahisi mwalimu wa kituo ndiye mhusika, usianzie kwake.

Kalamu Nyekundu
Na ripoti yako ya darasani isiwe na tukio hilo hata kwa herufi. Linakwenda kwenye jalada la ustawi, haliendi kwenye maksi. Mwambie mwalimu utafanya uchunguzi mpya kwa mtoto mwingine, atakuongezea siku.