Ziwa Mille Lacs: kwa nini nimrudishe wolai (samaki walleye) mkubwa majini?

MvuviMgeni: Wakuu, nieleweshwe. Jana nimevuta wolai wa inchi 24, macho yanawaka kwenye tochi kama ya paka. Mwenzangu akasema amezidi kipimo, mrudishe. Ziwa lote hili la Minnesota, Marekani, samaki mmoja atapunguza nini?

BabaNdoana: Huyo karibu hakika ni jike, mkuu. Mayai yake yanaweza kupita laki moja. Ila usidhani shida ni mayai. Miaka wolai walipopungua, vifaranga walizaliwa tele, wakafa kabla ya kukua, ndiyo maana wakubwa waliopo wanalindwa. Kome pundamilia, wale kome wageni wanaochuja maji, walionekana 2005, maji yakazidi kuwa angavu, na wolai hapendi mwanga. 2016 nilivua hapo: unamvuta, unamwachia, hata chambo hai marufuku. Niliona uonevu mtupu, siwafichi.

Uzi_Mrefu: Nyongeza. Kuachia nako kunaua, hasa maji yakipata joto la Julai. Wanaokadiriwa kufa hivyo wanakatwa kwenye mgao wa msimu, yaani kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa. Kameza ndoana hadi kooni? Kata uzi, usiing'oe. Na kabla hujawalaumu Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, kama wengine humu, haki yao ya kuvua ni ya mkataba wao na Marekani wa 1837, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha 1999.

MvuviMgeni: Duh. Wangu nilimshikilia nje dakika nzima nikitafuta picha nzuri. Aliondoka upande upande.

BabaNdoana: Picha mpige akiwa ndani ya wavu, majini.