Tupeane uzoefu: mti gani kwenu hukwambia mvua imekaribia?

Wakuu, salaam. Mimi niko Sikonge, Tabora. Mvua zetu huanza Novemba, ila msitu hausubiri. Agosti miti yetu ya mitundu imepukutika, nyasi zimeungua, vumbi hadi kwenye sufuria. Ghafla Septemba, hata tone halijadondoka, matawi yanachipua mekundu. Si maua, ni majani! Liweke kiganjani: rangi ya shaba, laini kama ndewe ya mtoto. Baada ya wiki kadhaa linakuwa kijani. Babu alisema mti huo "umejiwekea akiba", na ni kweli: hutumia maji uliyotunza shinani na yale ya chini kabisa yanayofikiwa na mizizi. Nikipita kwa bodaboda msimu huo namwomba dereva aende polepole. Nyie je?

Mrina Asali, Urambo
Mkuu umenigusa. Wekundu huo ukitoka, maua ya mtundu nayo yako njiani, na nyuki wanajua. Mizinga yangu inakuwa imeshapanda juu. Niliacha ile ya magome. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina hauponi.

Wa Ujiji
Kwetu ni mwembe. Ule walipokutana Livingstone na Stanley, 1871, haupo tena, ila miembe ya Ujiji bado ipo mingi. Upepo wa mvua za mwanzo ukivuma usiku, embe zinagonga bati, tì, tì. Mama alikuwa anatuamsha na karai tuziwahi kabla ya mbuzi. Hadi leo nikisikia kitu kimegonga bati usiku, naamka.

Binti Kaliua
Nyuma ya bani letu la kukaushia tumbaku kulikuwa na mninga. Maua yake ya njano ndiyo yalikuwa kalenda ya bibi: yakitanda chini, anatafuta jembe. Mwaka mmoja narudi likizo, nakuta ndugu yetu ameuza mti kwa mtu wa mbao. Mninga ukikatwa unatoa utomvu mwekundu, damu kabisa. Kisiki kilikuwa bado kibichi, nzi wamejaa, na bibi kaweka kigoda chake pembeni. Hakusema neno hadi jioni.
Niliokota matunda yake, yale ya duara kama chapati yenye miiba katikati, nikaotesha mbegu sita. Ukaota mmoja. Kiangazi ukakauka wote, nikalia.

Mwanzisha mada
Pole sana dada. Usiung'oe! Mninga mchanga hukauka juu kila kiangazi, mzizi ukabaki hai. Hufanya hivyo miaka kadhaa kabla ya kurefuka.

Binti Kaliua
Asante kaka, bibi naye alinizuia. Huu ni mwaka wa nne. Jana nimefukua majani makavu nikaona kijichipukizi, hakijafika hata urefu wa kidole. Mvua bado.